Mwaka Walioniita Nfumu

Kaka yangu Maduhu tulimzika Kishapu, mwezi wa saba, katika ardhi iliyokauka kiasi kwamba vijana waliochimba kaburi walipokezana sululu tangu asubuhi hadi saa nane mchana. Nilikaa kwenye kivuli chembamba cha nyumba nikisikiliza chuma kikigonga changarawe, na kila kilipogonga nilitamani kuwaambia waache. Watu walidhani ni uchungu wa msiba. Ulikuwa uchungu wa msiba kweli, lakini ndani yake kulikuwa na kitu kingine, kwa sababu mimi niliwahi kukaa siku tatu kwenye mdomo wa shimo nikisikiliza vyuma vikigonga mawe, na aliyekuwa chini alikuwa huyu huyu Maduhu, akiwa hai. Miaka zaidi ya ishirini imepita tangu siku zile. Nimefundisha shule nne, nimeolewa, nimezaa, na sijawahi kumsimulia mtu kwa ukamilifu jinsi mashindano ya mpira wa kikapu ya wasichana wa vyuo yalivyofika hadi chini ya ardhi. Mume wangu anajua nusu. Maduhu mwenyewe nilidhani hajui kitu.

Nilikuwa mwaka wa pili wa ualimu, Shinyanga mjini. Chumba chetu bwenini kilikuwa na vitanda vinne vya chuma na dirisha moja lililotazama uwanja wa kikapu, uwanja wa saruji wenye ufa mrefu uliokatiza katikati kama mto kwenye ramani. Kitanda cha chini, upande wa dirisha, kilikuwa cha Regina, nahodha wa timu, msichana wa Ushirombo aliyekuwa akisali rozari yake huku amelowesha miguu kwenye beseni la maji ya chumvi. Cha juu yake kilikuwa changu. Chumba kilinuka dawa ya kuchua misuli na michembe, vile viazi vilivyokaushwa ambavyo kila aliyetoka nyumbani alirudi navyo mfuko mzima, tukavichemsha kwa siri kwenye jiko la umeme na kuvila na karanga pale ugali wa bwaloni ulipokuwa umepoa. Mimi pia nilikuwa mchezaji, hadi siku moja mazoezini niliporuka kuufuata mpira nikatua juu ya ule ufa na goti likageuka. Daktari aliniambia nisiruke tena. Mwalimu wa michezo, ambaye hakuwa mtu wa kubembeleza, alinipa daftari kubwa na kalamu, akasema kama siwezi kucheza basi niandike.

Niliandika mwaka mzima. Kwenye kila mechi ya kirafiki nilikaa kwenye benchi na goti langu limefungwa bandeji, nikaandika nani anafunga kwa mkono gani, nani akikabwa upande wa kulia anapoteza mpira, nani anachoka robo ya tatu, timu gani ikitanguliwa inaanza kugombana yenyewe kwa yenyewe. Mwanzoni niliandika kwa hasira, kama mtu anayehesabu vitu vilivyoibwa. Baadaye nikaanza kuona mambo. Niliona kwamba mechi huwa imeshaamuliwa dakika nyingi kabla ya filimbi ya mwisho, na kwamba wanaocheza ndio wa mwisho kujua. Nikiwaangalia wajukuu wa dada yangu leo wakibishana mbele ya televisheni, huwa nanyamaza. Nilijifunza mapema kwamba kuona jambo ni kitu kimoja, na kulisema ni kitu kingine kabisa.

Mwaka ule mashindano ya vyuo vya kanda yalifanyika kwetu, mwezi wa tatu, katikati ya mvua. Vilikuja vyuo vinane. Mwalimu wa michezo alibandika karatasi pana kwenye ubao wa matangazo pale bwaloni, yenye majina ya timu zote na mistari inayokutana hatua kwa hatua hadi kwa bingwa, na akaruhusu yeyote abandike ubashiri wake pembeni kabla mechi za kila hatua hazijaanza. Hakukuwa na zawadi. Ilikuwa ni furaha ya watu kubishana wakiwa na sahani mkononi. Siku ya kwanza nilibandika majina manne, na moja lilichekesha bwalo zima, kwa sababu niliandika kwamba mabingwa watetezi watatolewa na kachuo kadogo kutoka upande wa Geita ambako hata sare zao hazikufanana. Nilijua kwamba wale mabingwa walibaki na jina tu. Wachezaji wao wawili wa maana walikuwa wamehitimu. Jioni majina yangu yote manne yalikuwa sahihi. Siku ya nusu fainali nikapatia tena, zote mbili. Mpishi aliyejulikana kwa ubahili aliniongezea maharage bila kuombwa, akanong'ona kuuliza fainali anachukua nani. Wasukuma wenzangu wakaanza kuniita nfumu, yaani mwaguzi, wakinisalimia kwa kupiga magoti ya mzaha mlangoni: mwangaluka, nfumu wetu. Nilikuwa na miaka ishirini na mguu mbovu, na sitadanganya, nilipenda.

Redio ya mkoani ilikuwa ikisoma matokeo, na baada ya siku ya kwanza ikawa inasoma na ubashiri wangu, na Maduhu alikuwa anasikiliza. Alikuwa mchimbaji mdogo kwenye machimbo ya karibu na Segese, akifanya kazi kwenye shimo moja pamoja na wanaume wengine saba. Huko shimo huliita duara. Mtandao haukufika kambini, ikabidi apande juu ya kichuguu kikubwa ili simu yake ndogo yenye tochi ishike. Jioni ya nusu fainali alinipigia akicheka. Akasema wenzake wote wamejua kwamba yule msichana anayepatia ni dada yake, na kwamba tangu jana yeye ndiye anayepewa nafasi ya kukaa karibu na redio. Nilimsikia mtu nyuma yake akipaza sauti kunisalimia, sauti nzito, na Maduhu akasema huyo ni Luhende, rafiki yake wa Bukombe, wanakula sahani moja. Sikuwahi kuiona sura ya Luhende akiwa hai.

Fainali ilipangwa Jumapili, baina yetu na chuo kimoja cha kule ziwani. Jumamosi ilikuwa siku ya kupumzika, na mchana wake nilikaa kitandani na daftari langu. Sikuhitaji muda mrefu. Wale wa ziwani walikuwa na msichana mrefu wa mkono wa kushoto ambaye hakuna mtu wetu aliyeweza kumkaba, na sisi tulikuwa na Regina, ambaye alicheza mechi zote bila kutolewa kwa sababu hakuwa na mbadala. Robo ya mwisho miguu yake ingekwisha. Niliandika jina la chuo cha ziwani kwenye kikaratasi, nikakiweka juu ya mto, nikaenda kuoga. Niliporudi, Regina alikuwa amesimama katikati ya chumba na kile kikaratasi mkononi, na wasichana watatu wa timu wamekaa kwenye vitanda vyetu wakitazama sakafu.

Hakunigombeza. Ningetamani angenigombeza. Aliniambia polepole kwamba wasichana wananiamini mimi kuliko wanavyomwamini mwalimu, na kwamba mmoja wao asubuhi ile alikataa kula mpaka ajue nitaandika nini. "Ukiandika tumeshindwa, Minza, tutakuwa tumeshindwa leo, tukiwa tumekaa hapa," alisema. "Kesho tutakwenda uwanjani kuzika tu." Kisha akaketi akainamisha kichwa, nikaona kucha za miguu yake, mbili zikiwa nyeusi kwa damu. Nilichukua kile kikaratasi nikakichana. Nikaandika kingine chenye jina la chuo chetu, wasichana wakapiga vigelegele, wakakipeleka bwaloni wao wenyewe wakikibeba kwa mikono miwili. Nilijiambia kwamba ni karatasi tu.

Jioni walikuwa wamerudi, wamejaa chumbani wakisukana nywele, simu yangu ilipolia. Maduhu hakuwa anacheka safari hii. Alisema upepo ni mkali juu ya kichuguu, niongee kwa sauti. Aliuliza nani anachukua kesho. Nikamtajia chuo chetu. Akasema hilo ameshalisikia redioni, kwamba nfumu wa chuo ameandika chuo chake. Yeye hataki neno la ubaoni, anataka neno langu. "Kuna jambo tumewekeana huku," alisema. Nilidhani dau ni kuku, au ni kiroba cha mawe yenye dhahabu, kama walivyozoea kuwekeana. Ningeweza kuuliza. Ningeweza kutoka nje na simu. Mlango ulikuwa hatua tatu. Regina alikuwa ameacha kusuka na ananitazama. "Ni hilo hilo, kaka," nikasema. Akauliza, kweli? Nikasema kweli. Nikasikia upepo tu, kisha akasema, "Haya, mdogo wangu," na simu ikakatika.

Fainali sina haja ya kuisimulia sana, maana ilikuwa kama mtu ananisomea kile kikaratasi nilichochana. Tuliongoza robo tatu. Uwanja mzima uliimba. Nilikaa na daftari langu nikiandika pointi, nikaiweka kalamu chini nilipomwona Regina, mwanzoni mwa robo ya mwisho, akisimama na kushika magoti wakati mpira ukiwa bado unachezwa. Yule wa mkono wa kushoto alipita upande wake mara tano mfululizo. Tulipoteza kwa pointi nne. Regina aliponipita akienda kunawa uso alisimama mbele yangu, akasema neno moja, "Ulijua," bila lawama, kama mtu anayetaja saa. Jioni ile mvua ilinyesha kubwa, ikajaza ule ufa wa uwanjani, na haikukatika mpaka Jumatatu.

Jumanne tulikuwa bwaloni, ugali na dagaa mezani, nilipopigiwa kwa namba ya Maduhu na mtu mwingine. Alijitaja kwa jina la Jilala, akasema wako duara moja na kaka yangu. Alianza kwa kunisalimia na kuuliza habari za masomo, na nilipojibu nzuri akauliza kama kuna mtu karibu nami, ndipo nikajua. Duara lilikuwa limeshuka asubuhi ile, kuta zimeporomoka. Maduhu na Luhende walikuwa chini. Sikumbuki nilisema nini. Nakumbuka Regina akinivua sandali na kunivisha raba zake za mchezo, akifunga kamba, kwa sababu alisema huko kuna matope.

Nilifika Segese siku hiyo hiyo kabla ya jua kuzama. Duara lenyewe lilikuwa shimo la mraba lisilozidi upana wa meza, na juu yake winchi ya mti, na pembeni rundo la udongo mbichi ambao wanaume walikuwa wakiutoa kwa ndoo, wakipokezana, matope hadi kifuani. Kuna waliochimba kutoka shimo la jirani ili kuwafikia kwa ubavu. Kila baada ya muda mtu aliinua mkono, wote wakanyamaza, akagonga nyundo kwenye mwamba, tukasubiri. Jumanne waligongewa. Jumatano asubuhi waligongewa tena, lakini waliokuwa karibu walitazamana, na mzee mmoja akasema kwamba anayegonga ni mmoja.

Mke wa Luhende alikuwa ameketi juu ya kiroba, na mtoto wa kike wa miezi mitatu mgongoni. Alikuwa wa rika langu. Aliponiona na raba zangu za chuo alijua mimi ni nani, akasogea kunipa nafasi, akaniita wifi. Tangu saa ile hatukuachana. Tulijifunika kanga yake moja mvua iliponyunya, tukanywa uji kwenye kikombe kimoja cha bati, na alipokwenda haja nilimbeba yule mtoto, Neema, ambaye alinuka maziwa na moshi. Yule mzee aliposema kwamba anayegonga ni mmoja, mama Neema hakulia. Alinishika kiwiko tu, akaniuliza kama nadhani ni wake au wangu. Aibu yangu ni kwamba moyoni nilikuwa naomba, na nilijua ninaomba nini.

Mchana wa Jumatano nilikwenda kwa mama lishe kuchukua uji mwingine. Kibanda chake kilikuwa cha mabati, na upande wa pili wa bati walikuwa wamekaa wanaume wawili wa duara letu, wamemaliza zamu ya kutoa udongo. Mmoja alikuwa Jilala; niliijua sauti kutoka kwenye simu. Alikuwa anamweleza mwenzake kwamba ni yeye aliyeleta wazo. Mvua kubwa ikinyesha, alisema, lazima watangulie watu wawili kukagua kama ile miti inayozuia kuta, matimba, bado imesimama, na siku zote walikuwa wanachagua kwa kura ya vijiti. Safari hii wakasema, kwa kuwa wote wanasikiliza mashindano, basi watakaokosea fainali ndio watatangulia wiki nzima. Wengine wote walichagua chuo cha ziwani, kwa sababu hata redioni walisema kina nguvu. Maduhu akachagua cha dada yake, na Luhende akamfuata. "Wangeshinda wale wasichana," Jilala alisema, "humo sasa hivi tungekuwa mimi na wewe." Nilisikia kijiko kikikwangua bakuli.

Nilisimama pale na kikombe mkononi mpaka mama lishe aliponiuliza kama nimesahau kitu. Ninachokumbuka si kulia. Ni hesabu. Kichwa changu, kilichozoea daftari, kilirudi nyuma hatua kwa hatua: kama Maduhu angeambiwa ukweli, angechagua ziwani, Luhende angemfuata, kura ingerudi kwenye vijiti, na siku ya Jumanne huenda wangekuwa wamekaa juu wakinywa chai. Nilitafuta mahali popote katika mistari ile ambapo kosa lingeweza kuwa la mtu mwingine, la mvua, la Jilala, la Regina na kucha zake. Mistari yote ilikutana kwangu. Nilirudi kwenye kiroba, nikampa mke wa Luhende uji, akanywa nusu akaniachia nusu, nami nikainywa. Ningeweza kumwambia pale pale. Alikuwa ameniegemea.

Walimfikia Maduhu siku ya Alhamisi mchana. Alitolewa kwa kamba, amefumba macho kwa sababu ya mwanga, mguu wake wa kulia umepondwa kuanzia goti kwenda chini, ule ambao walikuja kuukata hospitali. Alikuwa anarudia jina la Luhende. Luhende walimtoa saa moja baadaye akiwa amefunikwa turubai. Alikuwa amekufa tangu siku ya kwanza. Kwa hiyo anayegonga alikuwa wangu, na dua yangu ilikuwa imejibiwa, na mke wa Luhende alipoinuka kwenda kwenye lile turubai aliiacha kanga yake mabegani mwangu.

Maduhu hakurudi machimboni. Alijifunza kushona viatu na kurekebisha redio, akaishi Kishapu akitembelea gongo, akaoa kwa kuchelewa. Kila mwaka baada ya mavuno alikuwa akisafiri hadi Bukombe kwa mama Neema, kwa mguu mmoja, na nilimsikia akisema anakwenda kumsalimia shemeji. Sikuwahi kufuatana naye. Siku zote nilikuwa na mitihani ya kusahihisha. Tulikaa mezani mara nyingi, mimi na kaka yangu, tukila, tukiongea juu ya watoto na ukame, na mara mbili nadhani nilifungua kinywa. Hakuwahi kuutaja ule mwaka, nami nilifurahi kwamba hajui, na nikaita furaha hiyo huruma.

Siku ya pili baada ya mazishi, wageni wengi walipokuwa wameondoka, nilikuwa nyuma ya nyumba naosha masufuria, akaja mama mmoja mnene mwenye mvi, akachukua kigoda akaketi mbele yangu na kuanza kusugua. Sikumjua mpaka alipouliza habari za goti langu. Mama Neema alikuwa amekuja tangu mazishi, na mimi nilikuwa nimempita mara tatu. Nilimwambia yote, pale pale, mikono ikiwa kwenye maji, kwa maneno machache kuliko niliyoandika hapa. Aliendelea kusugua. Nilipomaliza aliniambia kwamba anajua. Maduhu alimweleza mwaka wa pili tu baada ya ajali. Alimwambia kwamba siku ile juu ya kichuguu alisikia sauti yangu na akajua nimezungukwa na watu, na kwamba nasema nisichokiamini. Lakini aliona vibaya kumkana dada yake mbele ya wanaume, akashuka akachagua chuo chetu, na Luhende akamfuata. Ndiyo sababu ya safari zake za Bukombe. Alikuwa amemwomba asiniambie, kwa sababu alidhani mimi sijui kwamba kulikuwa na dau lolote kule duarani.

Miaka ile yote, kwenye meza moja, kila mmoja wetu alikuwa amemfichia mwenzake jambo lile lile. Nilimuuliza mama Neema kama alimsamehe Maduhu, akasema ndiyo, ilimchukua muda lakini ndiyo, kwa sababu alikuja mwenyewe, na alikuja mapema, na alikubali kutukanwa. Nikamuuliza na mimi je. Aliinua sufuria akalitazama kama lina doa.

"Ningependa ungeniambia siku ile, kwenye kile kiroba," alisema. "Nilikuwa na nguvu za kukuchukia. Ningekuchukia mpaka chuki ikaisha. Sasa nimezeeka, Mwalimu, sina pa kuanzia."

Nilimwambia nimesikia. Akasema haya, nimsogezee ndoo. Tuliendelea, yeye akisugua na mimi nikisuuza, mpaka vyombo vikaisha.